Sura ya Saba: Tabasamu Lisiloamrishwa

Katika nyumba moja ya Wete, kisiwani Pemba, si mbali na njia iteremkayo bandarini, nilionyeshwa siku moja picha ya mzee aliyekuwa amefariki miezi michache kabla ya ziara yangu, imetiwa katika fremu ya mbao na kutundikwa juu ya mlango wa chumba cha ndani. Na mjukuu wake aliyekuwa akinionyesha alisema, kwa sauti ya unyonge, kwamba huyo aliyemo pichani ni babu yake, lakini siye babu aliyemjua. Picha ile ilikuwa imekuzwa kutoka katika picha ndogo ya pasi ya kusafiria, nayo ndiyo pekee iliyopatikana sandukuni baada ya maziko. Ilikuwa na sifa zote ambazo wakaguzi wa pasi huzitaka, uso umeelekea mbele sawasawa, mdomo umefumbwa, macho yamekodoa, na nyuma hakuna kitu ila weupe mtupu. Kwa ushahidi wa wote waliokuwamo ukumbini, marehemu alikuwa mtu wa bashasha, ambaye mgeni aliyefika barazani alilisikia cheko lake kabla ya kuambiwa jina lake. Walakini kanuni ya picha ya pasi, ambayo leo ni ya dunia nzima, hutaka uso usioeleza hali yoyote, na kwa sababu hiyo kitu kilichotengenezwa ili askari wa mpakani apate kumtambua asiyemjua, kimegeuka kuwa ndicho pekee walichoachiwa watu wa damu yake wapate kumkumbuka wamjuaye.

Nimeiandika sura hii kwa sababu ya picha ile, na kwa sababu ya nyingine nyingi mfano wake nilizoziona Chake Chake, Mkoani na Konde.

Wapiga picha wa zama zetu, nami nilikuwa miongoni mwao kwa miaka mingi, tumerithi desturi ya kuamrisha. Mtu huketishwa kitini, huinuliwa kidevu, hunyooshwa kofia, kisha mwenye kamera huiinua na kusema, "Cheka kidogo," au, ikiwa amepata kuwasikia wageni, humtaka aliyekaa aseme "chiiz". Asili ya neno hili ni neno la Kiingereza lenye maana ya jibini, na lilipendwa kwa kazi hii si kwa maana yake bali kwa irabu yake, maana kila atamkaye irabu hiyo kwa kuivuta hana budi kuipanua midomo pande mbili na kuyadhihirisha meno. Na kama ingekuwa tabasamu ni midomo na meno tu, basi hata neno "bibi" au "hili" lingetosha kulileta, na kazi yetu ingekuwa nyepesi kuliko kazi zote zilizo chini ya jua.

Tabibu mmoja wa Kifaransa, Duchenne de Boulogne, aliyekuwa akipitisha nguvu ndogo ya umeme katika misuli ya uso na kusaidiwa na mpiga picha Adrien Tournachon kuzinasa athari zake, alitoa mwaka 1862 kitabu alichoeleza humo kuwa tabasamu la kweli lina misuli miwili. Mmoja hutoka katika mfupa wa shavu ukaja mpaka pembe ya mdomo, na huo humtii mtu atakapo. Wa pili hulizunguka jicho, ukainua shavu na kukusanya mikunjo midogo katika pembe ya jicho, na huo, kwa kauli yake, hausikii amri ila husukumwa na furaha iliyomo moyoni. Charles Darwin alizitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna hisia zinavyodhihirika kwa wanadamu na wanyama. Wataalamu waliofuata wamebainisha kuwa wapo watu waliojaliwa kuukaza hata ule msuli wa jicho kwa khiyari yao, na sina haja ya kubishana nao. Lakini wengi wetu hatumo katika hao, na mtazamaji wa picha, hata akiwa mtoto asiyejua kusoma, huona mara moja kuwa mdomo unacheka na macho yamebaki nyuma.

Lugha yetu ilikuwa imeyasema haya bila ya umeme. Sisi hatusemi kwamba mtu mwenye furaha amefungua mdomo, bali tunasema uso wake umekunjuka, na mwenye hasira kaukunja. Yaani tunauona uso wote kama nguo moja, ambayo haiwezi kukunjuliwa upindo mmoja na sehemu zilizobaki zikaachwa na mikunjo yake. Nguo hukunjuliwa na mkono, uso je? Hilo ndilo swali ambalo mpiga picha hana budi kulijibu kabla ya kununua lenzi yoyote.

Jawabu langu nimelipata katika maamkizi. Mtu akifika katika kitongoji cha Pemba hupiga hodi, akakaribishwa. Hutoa salamu ya dini, akarudishiwa. Kama yupo mkubwa humshikia miguu kwa shikamoo, akapewa marahaba. Kisha ndipo yaanzapo maulizo, za tangu jana, za nyumbani, watoto hawajambo, mgonjwa wenu anaendeleaje, shamba je, na kila ulizo hupewa njema yake na shukurani yake kwa Mwenyezi Mungu. Mgeni asiyejua hudhani kuwa haya ni maneno ya kupoteza wakati, lakini nimechungua mara nyingi, na aghalabu ni baada ya ulizo la tatu au la nne, hasa likiwa ni ulizo ambalo mwulizwaji hakulitazamia, kama vile mtu kumkumbuka mbuzi wake aliyepotea juzi, ndipo uso unapokunjuka. Tabasamu, basi, ni jawabu. Hapana mtu aitikiaye marahaba pasipo kuamkiwa, wala hapana atakayetabasamu kwa ikhlasi pasipo kupewa cha kukijibu. Na mwenye kuinua kamera kabla ya maulizo kwisha ni sawa na mtu aliyeingia nyumbani pasipo hodi, kisha akashangaa kuona hakukaribishwa. Tena wajibu wa kutangulia ni wake yeye, kwani tumefundishwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliihesabu bashasha ya mtu mbele ya nduguye kuwa ni sadaka, na sadaka hutoka kwa aliye nacho akampa mwenziwe. Mara ngapi nimeona wapiga picha waliojificha uso mzima nyuma ya mtambo mweusi, wakidai kwa wenzao kitu ambacho wao wenyewe hawakukitoa!

Katika maamkizi hayo imo pia idhini. Pemba wako watu, na si wachache, wasiopenda kupigwa picha, ama kwa kushika rai ya wanazuoni walio wakali katika mambo ya taswira, ama kwa sitara ya watu wa nyumbani mwao, ama kwa kutotaka tu; na jawabu la "la" ni jawabu kamili lisilohitaji sababu. Anayeshurutisha baada ya kukataliwa, au akafyatua kwa siri kutoka ng'ambo ya njia, huenda akapata picha, lakini hapati mtu, na uso alioupata kwa dhulma utaendelea kumtazama kwa dhulma kila aufunguapo.

Baada ya kupewa idhini, vitu vyote vya ufundi viwe vimekwisha tengenezwa. Kamera iwe imefunguliwa, mwanga umepimwa, mahali pamechaguliwa, ili pasitokee ule mwanya wa kuhangaika na vifundo, ambao ndani yake aliyekaa hujikumbuka, akajikaza, na kila kilichokuwa kimekunjuka kikajikunja tena. Mimi hukaa chini ikiwa mwenzangu amekaa chini, juu ya jamvi lile lile, kwa kuwa anayetazamwa kutoka juu huinua uso kama ashtakiwaye. Kisha hupiga kwanza ile picha aitakayo yeye, nayo karibu siku zote ni picha ya taadhima, mikono magotini na macho mbele; hiyo ni haki yake, na mara nyingine huwa ndiyo bora. Baada ya hapo humwambia kwamba hiyo imekwisha lakini nitaendelea kupiga tunapozungumza, nikaishusha kamera mpaka kifuani, nikageukia jambo jingine. Naye hushusha pumzi, mabega hulegea, na macho humwendea yule ampendaye aliyesimama pembeni. Ndiyo maana hupenda mjukuu au sahibu awe karibu na bega langu, asiwe nyuma ya aliyekaa. Wako wafundishao kuwa ni hila nzuri kumdanganya mtu kuwa kazi imekwisha ili kumnasa akiwa ameghafilika. Mimi siikubali rai hiyo. Nimejaribu njia zote mbili, na ile ya kumwambia kweli haikunipunguzia tabasamu hata moja, ila imenizidishia milango ninayoweza kurudi kuibisha.

Maulizo nayo yana ilimu yake. "Furahi, mzee" si ulizo, na halina jawabu. Muulize mvuvi wa Kojani habari za dago lake la kwanza, alikuwa na umri gani alipolala pwani ya ugenini akingojea bamvua, na nani aliyepika. Muulize mchumaji ni mkarafuu upi uliomtisha. Waulize vijana wa Pujini habari za mchezo wa ng'ombe, ni yupi aliyewakimbiza mpaka juu ya miti. Na ukiwa na wachezaji wa bao huna haja ya kuuliza lolote, kwani yule aliyekwisha ona namna atakavyozila kete za mwenziwe, na mwenziwe hajaona, ana uso ambao hakuna studio iwezayo kuutengeneza.

Nisije nikaonekana kuwa nautupa ufundi. Pemba imo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na jua la saa sita husimama utosini, likatia kiza katika vitundu vya macho na kuufanya uso ufinye. Sasa madhali tabasamu hukaa machoni, anayepiga picha za watu saa hiyo katika uwanja mweupe amekwisha lifukuza kabla halijaja. Kivuli cha mkarafuu kinafaa, ila majani yake huchuja mwanga wa kijani unaoufanya uso uonekane kama wa mgonjwa; bora kuliko yote ni baraza yenye paa, au mtu kukaa hatua moja ndani ya kizingiti akielekea nje, na mbele yake pakiwa na ukuta wa chokaa unaopigwa na jua, kwa maana ukuta huo humrudishia mwanga laini, ukawasha nukta nyeupe katika mboni ya jicho, na jicho lisilo na nukta hiyo huonekana limekufa hata likiwa linacheka. Jambo jingine liwahusulo sana watu wetu ni kwamba kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kitu kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Ikiambiwa impige mtu mweusi aliyevaa kanzu na kofia nyeupe, huuona ule weupe wote ikadhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso ukatoka kiza kitupu chenye meno. Upimwe uso wenyewe, si kanzu, au uongezwe mwanga kwa hatua moja. Kasi ya kufyatua isiwe chini ya sehemu ya 250 ya sekunde, kwa kuwa cheko hutikisa kichwa. Na lenzi ya milimita 85 humwezesha mtu kukaa umbali wa hatua mbili tatu, ambao ni umbali wa mazungumzo ya heshima.

Mara nyingi nimeulizwa mbona wazee wa zamani hawacheki katika picha, kama kwamba walikuwa watu wa huzuni. Mtambo wa kupigia picha wa Daguerre, uliotangazwa Ufaransa mwaka 1839, ulimtaka mtu atulie kwa dakika nzima au zaidi, na hapana awezaye kulishika tabasamu kwa muda huo lisigeuke kuwa maumivu. Lakini sababu hiyo ilikwisha zamani, kabla hata mpiga picha A. C. Gomes hajazieneza picha zake za Unguja ulimwenguni, na ule utulivu ukabaki. Ukabaki kwa sababu picha ilikuwa hati. Mtu alikwenda studio mara moja au mbili katika umri wake, amevaa joho la kuazima au lake mwenyewe, naye aliiachia dunia murua wake, si mzaha wake. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na N. V. Parekh, ambaye studio yake ya Mombasa iliwapokea marafiki na wapenzi wengi katikati ya karne ya 20, walikuta desturi hiyo na wakaanza, kila mmoja kwa namna yake, kuilegeza. Na nionavyo mimi uhaba wa filamu uliwasaidia mafundi wa siku zile, kwani aliyekuwa na nafasi 12 tu katika mkunjo mmoja hakufyatua mpaka ameona. Leo simu hufyatua mara ishirini kwa pumzi moja, na mwenye simu hatazami hata mara moja.

Hata hivyo siwezi kusema kuwa kila uso usiocheka ni uso uliofungwa. Bi harusi wa mwambao, siku ya kutolewa nje, amepambwa, ametiwa piko na hina, hukaa na macho yameinama na mdomo umetulia wakati shangazi na masomo wakipiga vigelegele pande zake zote. Haya hiyo ndiyo kweli ya saa ile, na mpiga picha mwanamke aliyeruhusiwa kuingia, akamsihi atabasamu kama watabasamuvyo maharusi wa magazetini, anamtaka aseme uongo siku ambayo hapaswi kusema uongo. Nimeona picha ya namna hiyo aliyonionyesha bi harusi mwenyewe miaka mingi baadaye, akiwa mama wa watoto wanne. Jicho lake lililoinama lilikuwa na mkunjo ule ule wa Duchenne pembeni, na midomo haikusogea hata kidogo.

Na hapa niruhusiwe kueleza kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi. Ilikuwa msimu wa karafuu, upande wa Mtambwe, nami nilifika mchana kumpiga picha bibi mmoja aliyesifika kwa hadithi zake. Nilimtolea kiti, nikamweka mbele ya ukuta, nikamwomba atabasamu. Alitabasamu, na papo hapo akauinua upindo wa kanga yake ukamfunika mdomo, kwa kuwa alikuwa mlaji wa tambuu tangu ujana wake, na meno yalikuwa mekundu. Tena hata kama yangekuwa meupe, malezi yake hayakumruhusu kuyatoa mbele ya mwanamume mgeni. Nikamwambia, "Bibi, shusha mkono." Akashusha. Nikampiga picha hiyo, nikaona katika kioo cha kamera kile kile nilichokiona Wete juu ya mlango, mdomo umefumbwa, macho yamekodoa, na nyuma weupe mtupu. Na mkosaji safari hii hakuwa mkaguzi wa pasi.

Sikuondoka. Alasiri wachumaji walirudi na magunia, karafuu zikapimwa kwa pishi, jamvi likatandikwa barazani, na wanawake na watoto wakaketi kuchambua, kila mmoja akishika kikonyo kwa mkono mmoja na kuzipukuchua kwa kiganja cha mwingine, karafuu huku, makonyo kule. Nikaomba nafasi, nikapewa. Vidole vyangu havikuwa na mazoea, na bibi, aliyekuwa kaketi mkabala nami, aliniangalia kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, usizivunje vichwa, karafuu isiyo kichwa haina bei," akanionyesha namna ya kuigeuza kwa kidole gumba. Nikauliza nani aliyemfundisha yeye. Akaanza kisa cha mama mkwe wake, na usiku wa kwanza aliposhindwa kumaliza fungu lake akalificha chini ya kitanda, na nyumba nzima ikanukia karafuu mpaka mume wake akaamka akauliza kama wamelala ghalani. Na kabla hajafika mwisho wa kisa wale wengine, ambao bila ya shaka walikuwa wamekisikia mara mia, walikuwa wamekwisha anza kucheka. Kamera ilikuwa pajani pangu, mwanga nilikuwa nimekwisha upima katika kiganja changu mwenyewe. Alipocheka, mkono ukapanda na upindo wa kanga ukaja mdomoni kama mchana, na safari hii sikusema neno. Juu ya upindo ule yalibaki macho mawili yaliyojaa, na mikunjo iliyotoka katika pembe zake ikaenda mpaka masikioni.

Wiki ya pili nilirudi na picha mbili, ile ya kiti na ile ya jamvi, nikampa. Aliiweka ya kwanza kando bila ya kuitazama mara ya pili. Ile nyingine aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaipitisha kwa waliokaribu naye, ikamrudia.

"Zaweza kupatikana ngapi hizi?"

"Utakazo, bibi."

Akahesabu kwa vidole vyenye harufu ya karafuu: moja ya dada yake aliyeko Maskati, ambaye hawakuonana tangu walipokuwa wasichana, moja ya kijana wake wa Tanga, mbili za wajukuu, wasije wakagombana, na moja ibaki humu ndani. "Huyu wa Maskati ataniona," alisema, "atajua ni kisa kipi nilichokuwa nikikisema." Kisha akaugeuzia macho upande wa jamvi, kulikokuwa na fungu ambalo halijaguswa, akanisogezea mahali pa kukaa.